Kinga njaa katika joto la Kusini: mfuko wa PICS kwa mahindi, kunde na makopa

Mfuko wa PICS, mfuko wa kuhifadhia nafaka usiopitisha hewa ambao wakulima wengi huuita kinga njaa, unastahili bei yake kwa kunde, kwa mbegu, na kwa mahindi yatakayoliwa kuanzia Desemba kwenda mbele. Kwa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, unafaa lakini unadai uangalifu. Kwa nafaka isiyokauka sawasawa ni hasara tupu, na hasara hiyo haionekani mpaka siku ya kufungua. Tunaziandikia kaya za Mtwara na Lindi, kuanzia uwanda wa Makonde kule Newala na Tandahimba hadi Masasi, Nachingwea na Ruangwa, kwa sababu maelezo mengi ya mfuko huu yameandikwa kwa kuangalia mikoa mikavu, na hewa ya kwetu si ile.

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua. Mahindi yanaingia ndani kati ya Mei na Julai na yanatakiwa yafike mavuno yanayofuata. Ni karibu mwaka mzima wa kukaa ghalani, katika joto ambalo wadudu wanalipenda. Kwenye nyuzi joto 30 hivi, fukusi wa kunde humaliza kizazi ndani ya wiki tatu hadi nne, na fukusi wa mahindi karibu wiki tano. Wadudu wachache walioingia na nafaka mwezi Juni wana muda wa kuzaa vizazi kadhaa kabla mvua haijaanza. Ndiyo maana gunia lililoonekana safi Agosti linamwaga unga Novemba.

Kabla ya kutoa hela, jua adui yako ni yupi. Fukusi wa mahindi ana mdomo mrefu uliochongoka kwa mbele, anatoboa punje na kutaga ndani yake. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, hana mdomo huo. Ana umbo la mcheduara, kichwa kimeinamia chini hakionekani ukimtazama kwa juu, na nyuma ni kama amekatwa kwa kisu. Huyu alitoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na anatafuna mahindi na makopa kwa kasi inayoacha unga mwingi kuliko mdudu mwingine yeyote wa ghala. Fukusi wa kunde ni mfupi na mnene, na huanza kazi shambani: vidoa vyeupe vilivyoganda juu ya kunde au choroko ni mayai yake. Fukusi wa kunde akishakua hali chochote. Anayekula ni funza aliye ndani ya punje, na kwa sababu hiyo kupepeta kunaondoa wadudu wanaoonekana tu na kuacha walio kazini.

Mfuko wenyewe una tabaka tatu: nailoni mbili za ndani, kila moja ikiwa na unene wa maikroni 80, na kiroba cha kawaida kwa nje. Ulianzia Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kwa kushirikiana na watafiti wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, na zao la kwanza lilikuwa kunde. Hapa nchini umekuwa ukitengenezwa Tanga na kampuni ya Pee Pee Tanzania Limited. Hauna dawa yoyote ndani. Wadudu na nafaka vinavuta hewa iliyofungiwa, oksijeni inashuka, na ikifika chini ya asilimia 5 hivi mdudu anaacha kula. Mdudu wa ghala hapati maji ya kunywa popote. Maji yake anayatengeneza mwilini kutokana na chakula na oksijeni. Akikosa oksijeni anakauka. Hii ndiyo sababu mfuko unawafikia hata funza walio ndani ya punje, mahali ambapo dawa ya vumbi haifiki.

Ukielewa hivyo, unaelewa pia udhaifu wake wote: tundu moja, fundo moja legevu, na mfuko unabaki kuwa kiroba cha bei ghali.

Dukani, usinunue mfuko uliokunjwa bila kuufungua. Toa nailoni zote mbili. Zinapaswa kuwa mbili tofauti, moja ndani ya nyingine. Pakiwa na moja tu, huo si PICS. Mfuko wa AgroZ wa kampuni ya A to Z ya Arusha una nailoni moja ya ndani iliyotengenezwa kwa matabaka, nao unafanya kazi, ila ukitoboka huna nailoni ya pili ya kukuokoa. Kwa mazingira yenye dumuzi wengi tunapendelea zenye nailoni mbili. Ingiza hewa kwenye kila nailoni, kusanya mdomo wake mkononi, sokota, kisha bana taratibu kwa mkono na kuusogeza karibu na shavu. Upepo mwembamba ukitoka, rudisha. Tazama mshono wa chini kwa makini, maana hapo ndipo nailoni hafifu huachia. Muuzaji anayekataa usiupime mfuko wake hastahili hela yako.

Sasa tufike kwenye kukausha, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu mifuko mingi inayolaumiwa ilifungwa na nafaka mbichi.

Mahindi yaingie yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13. Karanga ziwe kavu zaidi, asilimia 7 au chini ya hapo. Mfuko hauruhusu unyevu kutoka. Katika kiroba cha kawaida nafaka yenye maji kidogo zaidi inaweza kupumua ikajikausha; humu maji yote yanabaki, yanahama kutoka upande wa joto kwenda upande wa baridi, yanakuwa matone kwenye nailoni chini ya paa la bati usiku, na kuvu inaota hapo. Ukifungua unapokelewa na harufu ya pombe au uchachu. Mfuko hauondoi sumukuvu iliyokwishaingia shambani au uwanjani. Unazuia tu isiongezeke, na hilo kwa nafaka kavu peke yake. Vifo vya sumukuvu vilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016 vinatosha kumfanya mtu asibahatishe. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye ukungu zichaguliwe zitolewe kabla ya kufunga, na wasipewe kuku.

Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Tandaza unene usiozidi vidole viwili hadi vitatu, geuza kila baada ya saa moja hivi, na ukusanye kabla umande haujaanguka. Watu wa Mikindani, Kilwa na Lindi mjini wanajua hewa ya bahari inavyolainisha biskuti iliyoachwa wazi. Mahindi nayo ni hivyohivyo. Hewa ikiwa na unyevunyevu wa asilimia 80, punje zilizokauka vizuri zitarudisha maji mpaka zivuke 13. Kwa hiyo siku ya kufunga, acha nafaka ipoe kivulini saa moja au mbili, kisha ifunge siku hiyohiyo. Ukiifunga ikiwa ya moto itatoa jasho ndani. Ukiilaza wazi hadi kesho umeanika bure.

Kung'ata punje kwa jino kunamsaidia mzoefu, lakini hakutofautishi 13 na 15. Kipimo cha chumvi ni bora zaidi na hakina gharama. Chukua chupa ya kioo yenye mfuniko, kavu kabisa. Chumvi iwe laini, na kwanza ikaange kidogo kwenye kikaango kikavu kisha ipoe, kwa sababu chumvi ya pwani huwa imeshalowa yenyewe na itakudanganya. Weka mahindi robo hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, uko chini ya 15. Hapa ndipo wengi wanapokosea: chini ya 15 haimaanishi umefika 13. Baada ya chupa kuonyesha safi, rudisha nafaka juani siku moja kamili nyingine, mbili kukiwa na mawingu.

Mwenye nafasi ya kuazima kipima unyevu kutoka ghala la korosho ahakikishe kimewekwa kwenye mahindi. Kila zao lina kipimo chake ndani ya mashine, na namba ya korosho kwenye mahindi haina maana yoyote.

Kufunga kunahitaji watu wawili. Chekecha nafaka kwanza, ondoa vumbi, magunzi na vijiti. Wadudu wakiwa wengi mno wakati wa kufunga, wataanza kutafuta njia ya kutokea na dumuzi ana uwezo wa kutoboa nailoni ya ndani, kwa hiyo kuchekecha si urembo. Ingiza nailoni ya kwanza ndani ya ya pili, na zote mbili ndani ya kiroba, pembe za chini zikae kwenye pembe. Jaza kidogokidogo huku mwenzako akishika midomo, tikisa na kugandamiza ili mifuko ya hewa itoke pembeni. Acha sentimita 30 hivi za nailoni tupu kwa juu. Ukijaza mpaka mdomoni hutapata shingo ya kufunga.

Nailoni ya ndani: kamua hewa, sokota mpaka iwe ngumu, ikunje irudi chini, ifunge kwa kamba imara, zungusha mara kadhaa. Kisha nailoni ya pili, kivyake, kwa kamba yake. Kisha kiroba, kwa kamba ya tatu. Kosa la kawaida ni kuzikusanya zote pamoja na kufunga fundo moja. Kati ya nailoni na nailoni hubaki mikunjo, hewa inapita humo, na faida ya tabaka mbili imekwisha. Ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli unabana vizuri kuliko kamba ya manila, ambayo huteleza. Mfuko ambao haujajaa nao unafaa mradi ukamue hewa mpaka nailoni ilale juu ya nafaka. Nusu mfuko wenye hewa nyingi huwapa wadudu wiki za ziada za kula.

Weka juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani, mbali na jua na mbali na jiko. Panya ndiye anayeshindwa kuzuiwa na mfuko huu. Harufu ya chakula hupungua kwa sababu umefungwa, lakini panya aliyezoea nyumba atatafuna kona tu kujaribu. Mtego, paka na nafasi ya kuzunguka mifuko ni sehemu ya gharama ya kutumia PICS, na asiyekuwa tayari kwa hilo abaki na pipa la chuma au kihenge cha bati chenye mfuniko unaoziba.

Usifungue kabla ya miezi miwili. Watu wanafungua baada ya siku kumi kuangalia kama wadudu wamekufa, wanaingiza oksijeni mpya, wanafunga, wanarudia wiki inayofuata, kisha wanasema mfuko ni feki. Kwa chakula cha kila siku nunua wa kilo 50 badala ya 100, na ukishafungua chota posho ya wiki mbili, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko, ufunge mfuko palepale.

Kuhusu makopa. Dumuzi anayapenda sana, na kaya nyingi za uwanda wa Makonde huyaanika wakati wa kiangazi na kuyaweka darini juu ya jiko, ambako moshi unasaidia kiasi. Mfuko unafanya kazi kwa makopa, lakini kingo zake kali hutoboa nailoni wakati wa kujaza, na vipande vikubwa huacha nafasi nyingi za hewa. Yakatwe vipande vidogo vyembamba tangu yakiwa mabichi, yakaushwe mpaka yavunjike kwa mlio, yasiviringishwe wala kupigwa yakiwa ndani. Njia salama ni kuweka kiroba laini kisafi ndani ya nailoni ya kwanza, makopa yakae humo. Unapoteza nafasi kidogo na kupata mfuko utakaotumika tena. Makopa mazima ya muhogo, yaliyopasuliwa mara moja tu, tusingeyaweka kabisa.

Kwa kunde, choroko na mbaazi hatuna shaka hata kidogo. Hapa ndipo mfuko unapong'ara, hasa kwa mbegu, kwa kuwa mbegu iliyokauka vizuri inaota vilevile msimu unaofuata na haina sumu mkononi mwa anayepanda. Mwenye kilo mbili tatu tu za kula hana haja ya mfuko: mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, yachanganywe mpaka kila kunde ing'ae, yanaziba mayai ya fukusi. Mbegu za kupanda usizipake. Na walio mjini wenye friza, siku nne au tano kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri zinaua mayai na funza kwenye mchele, unga au kunde. Kisha uache mfuko upate joto la chumba kabla ya kuufungua, usije ukalowesha chakula.

Mshindani mkubwa wa mfuko ni dawa ya vumbi. Actellic Super ina viambato viwili kwa sababu ya msingi: pirimifosi-methili inamuua fukusi, pamethrini inamuua dumuzi. Mojawapo ikiwa imekufa kwa joto au muda, unabaki na mdudu mmoja hai, na watu wanashangaa kwa nini dawa imefanya kazi nusu. Pakiti iliyokaa dirishani juani msimu uliopita haifai hata kama haijafunguliwa. Soma tarehe ya mwisho, namba ya usajili wa TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), kiwango kwa gunia na siku za kusubiri kabla ya kula. Kiwango ni kile kilichoandikwa kwenye pakiti hiyo, si kile cha jirani. Changanya juu ya turubai kwa koleo, ukifunika pua na mdomo, mpaka vumbi lienee kote. Mahindi yakiwa na unyevu, dawa inachuja mapema. Na ndani ya PICS haihitajiki kabisa: kuiweka humo ni kulipa mara mbili na kula sumu bila sababu.

Kuna mambo mawili ambayo hatuwezi kuyapita kimyakimya. La kwanza ni salfa. Mikoa hii ina salfa ya mikorosho kila kona, na mifuko yake mitupu ni imara, inavutia. Isiwekwe nafaka, makopa wala chumvi hata ikioshwa mara ngapi. Salfa ni dawa ya ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho, haimzuii fukusi. Vivyo hivyo kwa dawa za kupulizia maua ya korosho: hakuna hata moja ya kuchanganya na chakula, na anayeuza kwa kupima kwenye karatasi anaweza kukupa yoyote kati ya hizo.

La pili ni vidonge vya fosfini, vile vinavyouzwa kwa siri kimojakimoja. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu moja ya gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui kati ya fukusi na mtoto aliyelala chumba cha pili. Ni kazi ya fundi aliyefunzwa, ghala lisilolala mtu, turubai la gesi lililobanwa kwa mifuko ya mchanga, barakoa yenye kichujio chake, na siku za kupitisha hewa. Kukitumbukiza kwenye kiroba ndani ya nyumba kunaua watu, na kiroba kinavuja kiasi kwamba wadudu wengi wanapona. Ukiwa na PICS hakuna kitu chochote unachokihitaji kutoka kwenye kidonge hicho.

Hesabu ya bei ifanyike kwa msimu. Tuseme umenunua mfuko wa kilo 100 kwa shilingi 6,000 na ukautumia misimu mitatu: ni shilingi 2,000 kwa gunia kwa msimu, na nafaka yako unaweza kuila au kuiuza siku yoyote bila kusubiri dawa iishe. Mfuko wa bei ya chini unaokufa msimu wa kwanza ni ghali kuliko huo. Atakayeuza mahindi yake yote Agosti aokoe hela yake, viroba vya kawaida vinamtosha. Maduka ya pembejeo ya huku hujaza rafu kwa vifaa vya korosho wakati uleule mahindi yanapovunwa, kwa hiyo agiza mifuko mapema, Aprili au mwanzoni mwa Mei.

Msimu ukiisha, pindua nailoni nje ndani, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, zianike kivulini na usizioshe kwa maji ya moto. Zijaze hewa tena kama ulivyofanya dukani. Nailoni ya ndani ikiwa na vitundu vya dumuzi na ya pili ni nzima, usitupe mfuko wote: chukua nailoni nzima kutoka mfuko mwingine ulioharibika, uziunganishe mbili nzima ndani ya kiroba kimoja. Usizibe tundu kwa gundi au selotepu kwa ajili ya mbegu. Zile zilizotoboka zifunike kuni, au mzitumie kutandika chini ya turubai mwakani.